Nürnberg wakati wa baridi: panga siku zako kwa mwanga wa jua

Watu wengi wakipanga kwenda Nürnberg, mji wa Ujerumani, huanza na soko la Krismasi na kuishia hapo hapo. Mimi huanza na jua. Mwishoni mwa Desemba linachomoza kama saa mbili asubuhi, na ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Ukiamka saa nne na kunywa chai taratibu, umebakiwa na saa sita tu, tena za kutembea kwa miguu. Kwa hiyo kukiwa na mwanga kaa nje, giza likiingia ingia makumbusho.

Siku tatu zinatosha, na za katikati ya wiki ni bora. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Wikiendi za Desemba bei za hoteli hupaa, na uwanja wa Hauptmarkt, penye soko hilo, hufurika watu hadi unabebwa na umati. Soko hufunguliwa Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi, na hufungwa tarehe 24 Desemba. Kama soko silo linalokupeleka, nenda Januari. Huo ndio mwezi ninaoupenda mimi: vichochoro vimetulia na mji umerudi kwa wenyewe.

Treni ya chini ya ardhi, U2, inakutoa uwanja wa ndege hadi stesheni kuu kwa dakika kama 12, na haina dereva. Kaa kiti cha mbele kabisa ulione handaki linavyokujia. Tiketi nunua kabla ya kupanda. Hakuna mageti, lakini wakaguzi wapo na faini ni euro 60. Chumba kitafute ndani ya ukuta wa kale au karibu na stesheni kuu, ili soksi zikilowa urudi upesi kubadilisha.

Kwa maana baridi hii huanzia miguuni. Mji wa kale umetandikwa mawe, na mawe hayo huvuta joto lote la unyayo. Nunua viatu vyenye soli nene, vikubwa kidogo kuliko kawaida yako, soksi ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kikibana, vidole hufa ganzi hata soksi iwe nzito vipi. Juu vaa fulana ya kubana mwili, sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha upepo, maana ndani ya majengo kuna joto kali na utavua na kuvaa kutwa. Suruali ya jinzi iache. Ikilowa theluji haikauki. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani betri huisha haraka kwenye baridi. Na usisahau vesilini ya midomo.

Asubuhi ya kwanza panda Kaiserburg, ngome ya wafalme iliyo juu ya mwamba. Majira haya hufungwa saa kumi jioni, hivyo usiiweke mwisho. Ingia na mwongozaji kwenye nyumba ya kisima. Kimechimbwa kwenye mwamba, kina chake kinakaribia mita 50. Hushushwa mishumaa, nawe unainama kuitazama ikizidi kuwa midogo hadi inabaki nukta ya mwanga huko chini. Watu wote chumbani hunyamaza.

Shuka kwa Weißgerbergasse, mtaa wa watengeneza ngozi wa zamani, wenye nyumba za mbao na udongo zilizonusurika. Nasema zilizonusurika kwa sababu mabomu ya tarehe 2 Januari 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale, na mengi unayoyaona yamejengwa upya. Kabla ya saa sita mchana uwe Hauptmarkt, mbele ya kanisa la Frauenkirche. Saa yake ya mwaka 1509 ikigonga, vinyago vya wakuu saba wenye haki ya kumchagua mfalme humzunguka Kaizari Karl IV mara tatu.

Jioni nenda Germanisches Nationalmuseum, iliyoanzishwa mwaka 1852. Kama huna muda mwingi, tafuta tufe la dunia la Martin Behaim, lililotengenezwa kati ya 1492 na 1494. Amerika haimo. Kati ya Ulaya na Asia ni bahari na visiwa tu. Mimi naweza kulizunguka tufe lile hadi kengele ya kufunga.

Siku nyingine tenga nusu siku kwa chumba namba 600 cha mahakama, kituo cha Bärenschanze kwenye njia ya U1, ambako viongozi wa Wanazi walihukumiwa mwaka 1945 na 1946. Usiende mbio mbio pale.

Chakula: soseji za hapa ni ndogo kama kidole, huuzwa tatu ndani ya mkate, Drei im Weggla. Ni za nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize Kartoffelpuffer, chapati za viazi za kukaanga zinazoliwa na rojo la tofaa, na aulize pia zimekaangwa kwa mafuta gani. Glühwein ni mvinyo wa moto. Usiokuwa na kilevi huitwa Kinderpunsch. Kikombe unalipia amana, ukikirudisha unarudishiwa hela yako. Beba pesa taslimu, vibanda vingi havipokei kadi, na sarafu za euro moja moja zitakusaidia kwenye makabati ya kuwekea mizigo ya makumbusho.

Zawadi nunua Elisenlebkuchen: keki tambarare za viungo, ambazo kwa kanuni lazima lozi na kokwa za hazelnut au walnut ziwe angalau robo, na unga usizidi asilimia 10. Chukua za kwenye kopo la bati, hazivunjiki begini. Zinunue kabla ya Jumapili, maana siku hiyo maduka karibu yote hufungwa isipokuwa yale ya stesheni kuu.