Sasisho lipi la Windows liwekwe mara moja, na lipi lingoje

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows, na hayo ndiyo ninayosihi yasicheleweshwe zaidi ya siku chache. Kirusi cha WannaCry, kilichosambaa Mei 12, 2017, kilipenya kwenye tundu ambalo lilikuwa limekwisha kuzibwa na sasisho la Machi 14 mwaka huohuo. Hospitali nyingi za Uingereza zilikwama kwa kuwa kompyuta zao hazikuwa zimewekewa kinga iliyopatikana karibu miezi miwili kabla.

Sasisho kubwa linalobadilisha toleo zima ni jambo jingine. Oktoba 2018, toleo la 1809 la Windows 10 lilisimamishwa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza mafaili yao, na mtu aliyepoteza tasnifu au hesabu za duka harudishiwi na mtu yeyote. Kwa hiyo subiri wiki kadhaa, kisha nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kuliweka.

Masasisho ya hiari, yakiwemo ya majaribio yanayotolewa mwishoni mwa mwezi na programu za kuendeshea printa, yaache ikiwa kila kitu kinafanya kazi vizuri. Sasisho linalojitokeza ghafla ndani ya tovuti au kwa baruapepe usiliguse kabisa. Lililo halali utalikuta kwenye Mipangilio ya kompyuta yenyewe.