Jinsi ya Kusajili na Kukamilisha Rekodi ya Machapisho ya Mtafiti wa Tiba ya Mifugo na ya Binadamu

Mtafiti anayeshughulika na tiba ya mifugo na tiba ya binadamu kwa pamoja ana tatizo ambalo mwenzake wa fani moja halijui sana, nalo ni kutawanyika kwa machapisho. Makala yake kuhusu brusela kwa ng'ombe huenda imo katika jarida la mifugo lisiloorodheshwa na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ilhali ile ya brusela kwa binadamu inapatikana humo kwa urahisi, tena jina lake likiwa limeandikwa kwa namna nyingine. Anapoomba ruzuku au kupandishwa cheo, mtathmini huiona nusu tu ya kazi yake. Utaratibu ufuatao unatumia ORCID, mfumo wa kimataifa wa utambulisho wa watafiti ulioanza mwaka 2012, ambao mtafiti hujisajili bila malipo.

Kabla ya kujisajili, hakikisha kwamba huna namba ya ORCID tayari, kwani wengi huipata wakati wa kuwasilisha makala kwenye jarida kisha wakaisahau. Ukigundua kuwa unazo mbili, ondoa moja kupitia mipangilio ya akaunti, na namba iliyoondolewa itawaelekeza wasomaji kwenye ile iliyobaki. Wakati wa kujisajili, weka anwani mbili za barua pepe, mojawapo ikiwa ya binafsi, kwa sababu ya taasisi inaweza kufungwa siku utakapohama. Jaza pia namna zote ambazo jina lako limewahi kuchapishwa, likiwemo jina la kabla ya ndoa. Utapewa namba yenye alama 16. Ya mwisho ikiwa herufi X usidhani ni kosa, kwani hiyo ni alama ya kuhakiki namba yenyewe.

Hatua inayofuata, yaani kukusanya machapisho, ndiyo inayokula muda. Katika PubMed, majina kamili ya waandishi yalianza kuingizwa kwa makala za kuanzia mwaka 2002, hivyo makala za zamani zitafute kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo. Kwa upande wa mifugo, tafuta katika CAB Abstracts, hifadhidata ya machapisho ya kilimo na mifugo, ambayo huhitaji usajili wa kulipia, kwa hiyo mwone mkutubi wa taasisi yako. Kisha ingiza kila kazi kwa namba yake ya DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni) au ya PubMed, na zile zisizo na namba yoyote ziandike kwa mkono.

Usikubali kila kinacholetwa na mfumo kwa kuwa tu kina jina linalofanana na lako. Rasimu iliyowekwa wazi kabla ya mapitio na makala iliyochapishwa baadaye huwa na DOI tofauti, hivyo zinaweza kuonekana kama kazi mbili. Ieleze kila moja kwa aina yake. Ikisiri za mikutano nazo zisichanganywe na makala kamili. Makala iliyobatilishwa ibaki ikiwa na maelezo hayo, kwa maana kuifuta huzua maswali mabaya zaidi kuliko ubatilisho wenyewe.

Ikiwa fomu ya ruzuku au ya kupandishwa cheo inauliza mchango wako katika makala, usitegemee nafasi ya jina pekee. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina vigezo vinne vya uandishi, na mwandishi hupaswa kuvitimiza vyote: mchango mkubwa katika utafiti, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Sentensi moja inayosema kwamba ulichukua sampuli za mifugo na kuchambua data inatosha.

Kuhusu takwimu za kunukuliwa, yaani idadi ya mara ambazo kazi zako zimetajwa katika machapisho mengine, binafsi naona ziwekwe pale tu zinapoombwa, pamoja na chanzo na tarehe, maana Google Scholar na Scopus hutoa hesabu tofauti kwa mtu yuleyule. Majarida ya mifugo kwa kawaida hunukuliwa kidogo kuliko yale makubwa ya tiba ya binadamu, hivyo kuyapima kwa kipimo kimoja ni kumwonea daktari wa mifugo.

Mwisho, iruhusu Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, iongeze makala zako mpya yenyewe, weka uwazi wa machapisho uwe kwa watu wote, kisha nakili kiungo kamili cha namba yako kwenye fomu. Kabla ya kuituma, kifungue kiungo hicho ukiwa umetoka kwenye akaunti, ili uone kile ambacho mtathmini atakiona.