Somo: Kibanda cha kurudisha nguvu kwa wakimbiaji wa asubuhi, Malindi

Pita barabara ya Casuarina alfajiri ya Jumamosi utawaona: walimu, wafanyakazi wa hoteli, kina dada wa ofisini, wageni waliohamia huku, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli. Hakuna anayelipwa. Kuna wanaojiandaa kwa mbio za kilomita 21 au 42, na kuna wanaopigana na kitambi tu. Mimi pia nimo humo, na wazo la biashara hii nililipata njiani: ukirudi kutoka Mayungu shati limelowa chepechepe, vinavyokungoja barabarani ni soda na maji ya chupa. Hapo ndipo pengo lilipo.

Somo hili ni la mwenye mtaji mdogo, meza moja na sufuria mbili. Mambo ya gym na mabeseni ya barafu sitayagusa.

Hatua ya 1: Elewa mwili umepoteza nini

Baada ya mazoezi marefu mwili unadai maji, chumvi, wanga na protini. Malindi tuko usawa wa bahari na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi ngozini, mwili haupoi, na jasho linazidi kumwagika. Kaskazi ikishaingia ndiyo usiseme. Mkimbiaji wa Iten, kwenye mita kama 2,400 na baridi yake, anaweza kumaliza mazoezi kwa chai ya maziwa akaridhika. Huku kwetu chai peke yake haitoshi.

Usimshindilie mteja maji matupu ukidhani unamsaidia. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, hasa wale waliokunywa kupita kiasi hadi uzito ukaongezeka njiani. Hali hiyo ikizidi inaweza kuua.

Hatua ya 2: Nunua mizani kabla ya meza

Najua inashangaza. Lakini mizani ya kusimamia, ile ya kawaida ya nyumbani, ndiyo itakayokutofautisha na muuza madafu wa kona ya pili. Mteja anapita kwako kabla ya kukimbia, anapanda bila viatu, unaandika kwenye daftari. Akirudi anajipangusa jasho, anapanda tena. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na kuirudisha anahitaji kunywa lita 1.25 hadi 1.5, kidogo kidogo kwa saa chache, maana sehemu nyingine itatoka kwa mkojo. Mtu aliyeondoka na kilo 68.4 akarudi na 67.2 huna haja ya kumbembeleza anunue. Namba imeshamwambia. Na yule ambaye hakupungua, au ameongezeka, mwambie wazi asinywe zaidi, ale tu. Utapoteza shilingi za dafu moja, lakini kesho atakuja na wenzake.

Hatua ya 3: Vinywaji viwili, basi

Cha kwanza ni dafu. Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Dawa yake ni chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili, unatia humo humo ndani na kutikisa. Patana na mkwezi akuletee jioni, na umwambie mapema kwamba koroma, lile lililoanza kukomaa kuwa nazi, huchukui. Usichonge mpaka mteja afike. Maji ya dafu yakishamiminwa na kukaa kwenye joto letu yanachacha upesi.

Cha pili ni ukwaju, kwa sababu kuna asubuhi mkwezi hatokei. Loweka usiku kwa maji yaliyochemshwa, fikicha, chuja mara mbili. Kwa kila lita tia sukari vijiko vya mezani 5, ambavyo ni kama gramu 60, na chumvi robo kijiko cha chai. Usizidishe sukari ili kumfurahisha mtu. Ikizidi hapo inakaa tumboni na kumletea kichefuchefu. Pima kila siku kwa vijiko vile vile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakimbiaji wana ulimi mkali kuliko walevi.

Barafu ya samaki itumie kupozea chombo kwa nje tu. Ndani ya kinywaji isiingie kabisa.

Hatua ya 4: Mbaazi ndiyo faida

Hapa ndipo pesa ilipo. Mkimbiaji wa kawaida anatosheka na protini kama gramu 20 baada ya mazoezi. Bakuli la mbaazi zilizoiva, ujazo wa kikombe, lina kama gramu 11, na yai la kuchemsha linaongeza 6. Mahamri mawili yanaleta wanga. Yaani kiamshakinywa alichokula bibi yako kinafanya kazi ya unga wa protini wa kopo unaouzwa maelfu. Asiyetaka mafuta asubuhi mpe viazi vitamu vya kuchemsha au tende.

Loweka mbaazi tangu usiku, chemsha mpaka zibonyee kwa vidole, ndipo utie tui jepesi. Tui zito linakuja mwisho, moto mdogo, huku unakoroga pole pole lisikatike. Chumvi usiibane, hawa watu wanaihitaji.

Hesabu ya mfano, weka bei za kwako: madafu 30 kwa shilingi 35 ni 1,050. Matatu yatapasuka au yatakuwa koroma. Yaliyobaki 27 ukiuza 60 unapata 1,620. Toa bodaboda 200, unabaki na 370. Sasa kilo ya mbaazi 180, nazi mbili 80, mkaa 60, vikorokoro 30, jumla 350. Inatoa mabakuli 14 hivi; kwa 50 kila moja ni 700, faida 350. Sufuria moja inakaribia madafu thelathini, na haikuvunji mgongo.

Hatua ya 5: Vibali

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chukua kibali cha biashara cha Kaunti ya Kilifi, na mpime nyote mnaoshika chakula ili mpate cheti cha afya, ambacho huhuishwa kila miezi sita. Kando ya barabara uliza kwanza kama eneo hilo linaruhusiwa. Ukisogea ufukweni au karibu na hifadhi ya bahari, kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja ni marufuku huko. Bilauri za kuosha ni rahisi zaidi baada ya muda.

Hatua ya 6: Malipo

Mkimbiaji habebi pesa, na wengi simu wanaiacha nyumbani. Namba ya till, ile ya kulipwa kwa simu, peke yake haitakuokoa. Uza kadi ya kulipia kabla: kipande cha karatasi ngumu chenye visanduku kumi, unatoboa kimoja kila anapokunywa, na kadi inalala kwako. Deni nalo lipo, lakini liwe la unaowajua nyumbani kwao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Maweni: Assalaam alaykum mwalimu. Wakimbiaji wenyewe ni wachache, siku za wiki hata kumi hawafiki. Nitaishi vipi?

Jibu: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa wakimbiaji peke yao hutaishi, nakubali. Wao ni wa saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili. Baada ya hapo sufuria ile ile iwauzie watu wa bodaboda, mafundi na wanaokwenda sokoni. Siku za wiki pika nusu kilo, Jumamosi na Jumapili kilo mbili. Na mwezi wa mvua za masika punguza tena, using'ang'anie.

Mwanachama wa Shela: Mama yangu ana shida ya figo na anapenda madafu. Na wateja wa namna hiyo niwaambie nini?

Jibu: Pole dada, Mungu amjalie afya. Kwa mgonjwa wa figo potasiamu ya dafu inaweza kuwa hatari, na baadhi ya dawa za presha pia huipandisha. Asinywe mpaka amuulize daktari wake. Kibandani andika ubaoni kwa herufi kubwa, na usimwambie mtu yeyote kuwa kinywaji chako kinatibu kitu. Mwenye sukari naye asipewe ukwaju wala tende kwa kumhimiza.

Mwanachama wa Barani: Ramadhani tunafunga kibanda?

Jibu: Asubuhi ndiyo. Wengi huhamishia mazoezi karibu na magharibi, kwa hiyo hamia jioni: tende, dafu lenye chumvi, mbaazi baadaye. Hapo hata asiyekimbia ni mteja.

Mwanachama wa Muyeye: Naweza kutia ukwaju kwenye chupa nikapeleka madukani?

Jibu: Hiyo ni biashara nyingine. Utahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, lebo, na namna ya kuufanya usichache. Kwanza uza bilauri.

Mwanachama wa Kisumu Ndogo: Mwalimu, mizani ni wazo zuri lakini sisi kina mama hatupandi mizani mbele ya wanaume.

Jibu: Umesema kweli. Iweke nyuma ya pazia la leso, asome mwenyewe, na kwenye daftari aandike tofauti tu. Wewe unayeuza unahitaji kujua amepungua ngapi, uzito wake haukuhusu.