Kuinua ari ya wabanguaji korosho mpaka ionekane kwenye mizani

Wataalamu wa kazi huita "mtaji wa kisaikolojia" vitu vinne alivyo navyo mfanyakazi: kujiamini, tumaini, kutarajia mema na ustahimilivu. Fred Luthans na wenzake wa Marekani walitoa hojaji ya maswali 24 ya kuupima mwaka 2007, sita kwa kila kimoja. Msimamizi wa karakana ndogo ya kubangua Newala au Masasi anaweza kuanza na mizani na swali moja tu.

Siku tano, bila kutangaza lolote, pima korosho karanga (zilizokwisha kubanguliwa) za kila mbanguaji, nzima mbali na vipande. Jumla ya kilo peke yake inadanganya: anayekimbilia kilo huvunja nyingi, na vipande bei yake ni ya chini.

Kisha mwite mmoja mmoja, kando ya wenzake. "Mama, korosho zikianza kupasuka mfululizo, unafanyaje?" Kama Kimakonde kinamtoka vizuri zaidi, uliza kwa Kimakonde. Akijibu "namwita fundi" na kunyamaza, tumaini ndilo lililopungua. Hapa tumaini si kuomba heri. Ni kuwa na lengo, nia ya kulifikia, na njia zaidi ya moja. Keti naye, andikeni kwenye karatasi ya daftari na kuibandika mbele ya mashine:

Zikipasuka tatu mfululizo, nasimama.
Naangalia kama saizi zimechanganyika, maana visu vimepangwa kwa saizi moja.
Naangalia kama zimepoa tangu zitoke kwenye mvuke.
Bado? Namwita fundi.

Kujiamini huletwa na kufaulu, sifa za mdomo huja nyuma. Mbanguaji mgeni mpe kilo moja ya saizi moja, umdai uzima wala si kasi. Akifikisha nzima saba katika kumi, mwongezee. Mkalishe karibu na aliyeanza msimu uliopita. Ukimweka na bingwa atabaki kumshangaa tu.

Kutarajia mema na ustahimilivu hulindwa hivi: siku ikiharibika, tenganisheni yaliyokuwa mikononi mwake na yasiyokuwa. Gunia lililokuja na unyevu si kosa lake. Kisu kilichojaa uchafu ni chake.

Kinachoharibu yote haya ni hotuba ya hamasa kwa watu ambao mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda. Glavu kwanza, au angalau mafuta ya kula ya kujipaka. Na malipo ya wiki jana yawe yameshatoka.

Pima tena baada ya wiki nne, saizi ileile. Korosho nzima zikipanda, usikimbilie kusema ni ari: anayefanya vizuri naye huzidi kujiamini, kwa hiyo mambo huenda pande zote mbili. Ndiyo maana ni vizuri nusu ya meza zianze mpango huu na nusu zisubiri. Mkikuta meza zote zimepanda sawasawa, waulizeni waliopokea magunia: huenda ni korosho zenyewe zilizokuja nzuri zaidi.