Kifurushi au Kimoja Kimoja: Namna ya Kupanga Safari ya Familia kutoka Mwanza kwenda Bustani za Michezo za Dubai na Abu Dhabi

Familia ya Mwanza inapoamua kuwapeleka watoto kwenye bustani kubwa za michezo ya burudani, mji unaotajwa kwanza mara nyingi ni Dubai, na sababu yake si ngumu kuiona. Ndege kutoka Dar es Salaam hufika kwa muda wa saa tano na nusu hivi bila kutua njiani, na wafanyabiashara wetu wameizoea njia hiyo kwa miaka mingi ya kufuata bidhaa. Swali linalofuata ni kama wazazi wanunue kifurushi kilichokwisha kupangwa na wakala, au wakate tiketi za ndege, walipie hoteli na wanunue viingilio vya bustani kimoja kimoja. Nalijibu swali hilo kwa ajili ya msafiri anayeanzia ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa kuwa ushauri mwingi unaotolewa humdhania msafiri kuwa tayari yuko Dar es Salaam, na tofauti hiyo ya mahali pa kuanzia inabadilisha hesabu nzima.

Aliyewahi kununua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anajua kwamba gunia lina nafuu kuliko kupimiwa kwa sado, lakini nafuu hiyo huthibitika pale tu gunia linapomwagwa na kilichoko chini kikaonekana. Kifurushi cha safari nacho hakina budi kumwagwa kabla ya kulipiwa, na mtu hawezi kukimwaga ikiwa hajui anachotaka kukikuta ndani yake.

Kwa hiyo anza na bustani zenyewe, kabla ya kuzungumza na wakala yeyote. Kusini-magharibi mwa Dubai, kwenye barabara kuu iendayo Abu Dhabi, kuna eneo la Dubai Parks and Resorts lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo ndani yake mna Motiongate yenye michezo inayotokana na filamu, Legoland iliyokusudiwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 12, bustani ya maji ya Legoland, na Real Madrid World iliyofunguliwa mwaka 2024. IMG Worlds of Adventure, nayo ya mwaka 2016, iko mahali pengine kabisa na yote imo ndani ya jengo lenye viyoyozi. Upande wa Abu Dhabi, katika kisiwa cha Yas, kuna Ferrari World ya mwaka 2010 yenye rola kosta iitwayo Formula Rossa inayokimbia kilomita 240 kwa saa, Yas Waterworld ya mwaka 2013, Warner Bros. World ya mwaka 2018 na SeaWorld ya mwaka 2023. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, fahari ya Formula Rossa haikuhusu, kwa kuwa michezo ya kasi ina kipimo cha urefu ambacho mtoto huyo hatakifikia. Mpime kwa futi ya fundi cherehani ukiwa nyumbani, kisha usome masharti ya kila mchezo katika tovuti ya bustani husika. Nimeona kifurushi kikisifiwa kwa bustani nne ndani ya siku tatu, kikiuzwa kwa familia ambayo watoto wake wangeweza kufurahia mbili tu kati ya hizo.

Umbali kati ya maeneo hayo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Vifurushi vya bei ya chini huweka familia Deira, mtaa wa kale wa biashara ambao baba anayefuata bidhaa anaujua vizuri, lakini kutoka Deira hadi Dubai Parks and Resorts ni zaidi ya kilomita 50, treni ya metro haikufikishi kwenye lango la bustani, na kisiwa cha Yas kiko mbali zaidi ya hapo. Familia yenye watoto wadogo inayolala Deira na kwenda bustanini siku mbili mfululizo hulipia teksi mara nne, na gharama hiyo haimo kwenye kifurushi isipokuwa imeandikwa. Hoteli zilizo ndani ya eneo la bustani, pamoja na zile za kisiwa cha Yas, mara kwa mara huuza chumba pamoja na viingilio. Hicho nacho ni kifurushi, ila kinauzwa na mwenye hoteli mwenyewe, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani ya kweli kwa familia ambayo bustani ndiyo shabaha yake kuu.

Baada ya hapo angalia majira. Watoto wetu hufunga shule Juni na Desemba, na miezi hiyo miwili ni dunia mbili tofauti kule. Kuanzia Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo bustani za ndani na za maji ndizo zenye maana, na hoteli nyingi hushusha bei kwa sababu wageni wamepungua. Anayenunua kimoja kimoja huipata nafuu hiyo moja kwa moja, ilhali kifurushi chenye bei ya mwaka mzima huenda kikaimeza. Desemba hali ya hewa ni tamu, vyumba vinagombaniwa, na wakala aliyeshika vyumba mapema anaweza kukupa bei ambayo hungeipata peke yako. Kuna kipimo kizuri cha umakini wa wakala: Global Village, eneo la wazi la maduka na burudani, na Miracle Garden, bustani ya maua, hufungwa wakati wa joto kali, kwa hiyo anayekuuzia safari ya Julai yenye sehemu hizo ndani yake amenakili orodha ya majira mengine bila kuisoma, na huenda hajasoma mengine pia.

Sasa mwaga kifurushi. Mwombe wakala orodha iliyoandikwa, yenye jina la hoteli, aina ya chumba, jina la kila bustani, aina ya tiketi na idadi ya siku, shirika la ndege na uzito wa mizigo, viza, na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Maneno kama "hoteli ya nyota tatu au inayolingana nayo" yasikutoshe, kwa sababu kulingana kunamaanisha chochote. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja kwa hesabu ya watu wawili katika chumba kimoja, nayo haikuambii chochote kuhusu baba, mama na watoto wawili, ambao wanaweza kuhitaji kitanda cha ziada au chumba cha pili. Kisha tafuta bei ya kila kipande mwenyewe, siku hiyohiyo na kwa tarehe zilezile, na ukijumlishe pamoja.

Tuseme, kwa mfano wa kuonyesha njia tu, kwamba wakala anataka shilingi 9,600,000 kwa familia ya watu wanne. Wewe unakuta ndege kutoka Dar es Salaam ni 4,600,000, viza 1,200,000, hoteli 900,000, viingilio 800,000, usafiri wa uwanja wa ndege 150,000, na matembezi ya jangwani 450,000. Jumla ni 8,100,000. Ikiwa watoto hawataki jangwa, kifurushi hakikurudishii hizo 450,000, kwa hiyo ulinganifu wa haki ni 7,650,000 dhidi ya 9,600,000, yaani tofauti ya 1,950,000. Swali lililobaki ni hili: kwa fedha hizo wakala anakubebea mzigo gani? Ikiwa atakushughulikia usiku wa manane hoteli inaposema haina jina lako, na ikiwa ameandika hivyo katika mkataba, huenda zinastahili. Ikiwa kazi yake ni kukutumia karatasi tano kwa WhatsApp, hazistahili.

Lakini angalia kile ambacho hakimo katika hesabu hiyo hata kidogo, nacho ni kipande cha Mwanza hadi Dar es Salaam. Vifurushi vingi vinavyouzwa nchini huanzia Dar es Salaam, na msafiri wa Mwanza huambiwa afike huko kwa njia yake. Wengi hukata tiketi ya ndani tofauti, wakiacha saa mbili au tatu za kuunganisha, na hapo ndipo safari nzima inapokuwa imening'inia kwenye uzi. Familia ya shemeji yangu ilipitia hayo. Ndege yao ya asubuhi kutoka Mwanza ilichelewa, wakafika Dar es Salaam wakati kaunta ya ndege ya Dubai imeshafungwa, na kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili zisizohusiana, shirika la pili liliwahesabu kuwa wasafiri wasiotokea. Tiketi za kwenda zikapotea, za kurudi zikafutwa pamoja nazo, hoteli ikakata usiku wa kwanza, na wakala akaonyesha, kwa haki kabisa kwa mujibu wa karatasi, kwamba wajibu wake ulianzia Dar es Salaam. Watoto walikuwa wamevaa kofia zao mpya tangu alfajiri. Sijasahau.

Tiketi moja yenye namba moja ya uhifadhi kutoka Mwanza hadi Dubai huondoa hatari hiyo, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa, ni wajibu wa shirika lililokuuzia safari hiyo kukutafutia nafasi nyingine, na mizigo kwa kawaida hupelekwa hadi mwisho. Air Tanzania, ambayo inaruka kati ya Mwanza na Dar es Salaam, ilianza safari za Dubai mwaka 2024, kwa hiyo inafaa kuuliza bei ya safari nzima kwa tiketi moja, na vilevile kuuliza kama mashirika mengine yanaweza kukuunganishia kipande cha Mwanza. Ikiwa wakala anaweza kukuwekea kipande hicho ndani ya tiketi ileile, kifurushi chake kinapanda thamani machoni pangu zaidi ya kitu kingine chochote atakachokiongeza. Ikiwa hawezi, mwombe akuuzie hoteli, viza na viingilio bila ndege, nawe ukate ndege mwenyewe. Mawakala wengi hukubali, ingawa si wengi wanaokutajia bila kuulizwa.

Viza ina utaratibu wake unaoathiri uamuzi huu. Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu huombwa kupitia wakala, hoteli au shirika la ndege, hivyo anayenunua kimoja kimoja lazima ajue mapema nani kati yao atamwombea. Pasipoti za wote, pamoja na za watoto, ziwe na muda usiopungua miezi sita. Usilipe fedha zisizorudishwa kabla viza hazijatoka: chukua hoteli inayoruhusu kughairi bure, acha viingilio viwe vya mwisho, na kwa upande wa kifurushi dai iandikwe kiasi gani kinarudishwa mtu mmoja wa familia akinyimwa viza, kwa kuwa mtoto mmoja akinyimwa, kwa vitendo wamenyimwa wote. Mawakala wengine hulifuta jambo hili kwa kusema viza hazikataliwi. Jibu hilo lisipokelewe mahali pa maandishi.

Kuhusu fedha, dirham, sarafu ya Falme za Kiarabu, imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha dirham 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo kinachopanda na kushuka kwako ni shilingi dhidi ya dola. Muulize wakala bei inashikwa kwa kiwango cha siku gani. Hoteli za Dubai pia hutoza ada ya utalii kwa kila chumba kwa kila usiku, ya dirham 7 hadi 20 kulingana na daraja la hoteli, ambayo kwa kawaida hulipwa kaunta hata kama kifurushi kimesema kila kitu kimelipwa.

Wakala mwenyewe akaguliwe kabla ya kulipwa. Biashara ya utalii nchini huhitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na leseni hiyo wengi wanaijua kwa jina la TALA. Omba kuiona, lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni na si la mtu, na upewe risiti ya mashine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2015 kuhusu vifurushi vya safari linamtaka mwandaaji aweke dhamana ya kurudisha fedha za wateja akifilisika. Usichukulie kwamba kinga ya namna hiyo inakufuata unapolipia kifurushi katika ofisi ya Mtaa wa Kenyatta, na kwa sababu hiyo lipa kwa awamu, kila awamu ikifuata kitu kilichokwisha kuonekana. Tiketi ya ndege ikitolewa, ingiza namba ya uhifadhi katika tovuti ya shirika uione mwenyewe. Hoteli nayo ipigie simu au uiandikie ikuthibitishie jina lako.

Nikiulizwa ni nani anayefaa kununua kifurushi kizima, nitasema ni familia inayotoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza, kikundi cha kanisa au cha ukoo chenye watu kumi na zaidi, na wanaosafiri Desemba. Wengine, hasa wenye watoto wakubwa kidogo na mzazi ambaye ameshafika Dubai, watanufaika kwa kukata tiketi moja ya ndege kutoka Mwanza hadi Dubai na kununua chumba pamoja na viingilio kwa hoteli iliyo jirani na bustani.

Ikiwa hakuna namna ya kupata tiketi moja, ondokeni Mwanza siku moja kabla na mlale Dar es Salaam, na gharama ya usiku huo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Safari ya kurudi ihesabiwe vivyo hivyo: angalia saa ambayo ndege ya Dubai inatua Dar es Salaam, ongeza muda wa uhamiaji na mizigo, kisha ulinganishe na ndege ya mwisho ya kwenda Mwanza jioni hiyo. Zikikaribiana, kata ya asubuhi inayofuata.