Kabla hujabandika ngozi chini ya skii: kuisoma theluji ya Davos

Kazi huanza jioni ya kuamkia safari ya kupanda mlima kwa skii zilizobandikwa ngozi, yaani vitambaa vinavyozizuia kuteleza nyuma. SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, Uswisi, hutoa taarifa ya maporomoko ya theluji saa 11 jioni, na katikati ya majira ya baridi huihuisha saa 2 asubuhi. Hatari hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Wengi wakiona 3 hujipa moyo kwamba iko katikati tu, kumbe vifo vingi nchini Uswisi hutokea siku za ngazi hiyo. Siku za 4 na 5 watu hubaki nyumbani.

Usiishie kwenye namba. Soma miteremko inayotajwa inatazama upande gani na ni kuanzia kimo gani, kisha fungua ramani ya swisstopo, ofisi ya ramani ya Uswisi, inayopaka rangi penye mwinamo wa nyuzi 30 na kuendelea. Maporomoko ya bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana linaloteleza kwa pamoja, huanzia huko. Angalia na kilicho juu ya njia yako: unaweza kupita tambarare, ukaangusha mteremko ulio juu yako.

Tatizo sugu limefukiwa chini. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa haba na baridi ni kali, ardhi hubaki karibu na nyuzi sifuri, basi mvuke hupanda kutoka chini na kuzigeuza chembe kuwa kubwa, zisizoshikana, kama sukari. Baadaye upepo hulundika bamba gumu juu yake. Uzito wako ukilivunja tabaka hilo dhaifu, ufa hukimbia mbali kuliko ulipokanyaga.

Ukisikia mshindo mzito chini ya skii, au nyufa zikachomoza mbele yako, jibu umeshalipata: theluji si imara. Hakuna haja ya kuchimba shimo la kuipima. Pasipo dalili hizo, chimba shimo, kata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na 30 kuelekea ndani ya mteremko, weka beleshi juu yake upande mmoja, upige mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ufa ukipita nguzo nzima, ondoka. Usipopita, umejua habari za shimo hilo moja tu. Mimi humwogopa anayechimba akitafuta ruhusa.

Kila mtu abebe transiva (kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya kumtafuta aliyefukiwa), fimbo ya kuchunguzia na beleshi. Pale mnapoegesha gari, mmoja asimame kando na wengine wapite mbele yake mmojammoja, asikie transiva ya kila mtu. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali nayo, na 50 wakati wa kutafuta. Namba ya helikopta za uokoaji za Rega ni 1414, lakini aliyefukiwa hutegemea dakika kumi za mwanzo, na dakika hizo ni zenu.

Kubalianeni pia kwamba yeyote akisema turudi, mnarudi, bila kumdai sababu.