Jinsi ya kuomba viza za familia kwa safari ya meli ya utalii Ulaya ya Kaskazini

Familia yenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda inayotaka kupanda meli ya utalii kuzunguka Bahari ya Baltiki au fiodi za Norway haianzi na fomu ya viza. Inaanza na ratiba ya meli. Ratiba ndiyo inayoamua mpeleke maombi ubalozi gani, mnahitaji viza za aina ngapi, na muombe ruhusa ya kuingia mara ngapi.

Someni ratiba bandari kwa bandari

Denmark, Sweden, Finland, Estonia, Latvia, Lithuania, Poland, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Norway na Iceland zote zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, ingawa Norway na Iceland si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Meli ikiondoka Copenhagen, ikapita Warnemünde, Tallinn, Helsinki na Stockholm, kisha ikarudi Copenhagen, haijatoka nje ya eneo hilo. Viza moja ya Schengen kwa kila mtu inatosha.

Uingereza na Ireland ziko nje, na kila moja ina viza yake. Meli inayoanzia Hamburg, ikatia nanga Kirkwall kule Scotland, halafu ikaenda Reykjavik, inawatoa Schengen na kuwaingiza upya. Hapo mnahitaji viza ya Uingereza, na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Kuna sehemu mbili ambazo watu huzipita bila kuziona. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark lakini si Schengen, kwa hiyo viza lazima iandikwe wazi kwamba inatumika huko. Svalbard ni ya Norway, nayo iko nje ya Schengen; mkifika Longyearbyen kisha meli ikarudi Tromsø, mmeshaingia mara ya pili.

Msitegemee kwamba mtakaa melini siku ya bandari ambayo hamna viza yake. Kampuni nyingi za meli hukagua viza za nchi zote zilizo kwenye ratiba kabla ya kuwaruhusu kupanda, na asiyekamilika huachwa gatini, mizigo na watoto pamoja naye.

Ushauri wangu kwa familia inayokwenda mara ya kwanza: chagueni safari inayoanza na kuishia ndani ya Schengen, kwa mfano Copenhagen, Kiel au Stockholm. Safari za kwenda Norway kutoka Southampton ni nzuri, lakini viza ya Uingereza haiombwi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na kampuni nyingi hutaka salio la nauli karibu wakati huohuo. Mnaweza kujikuta mmelipa kila kitu kabla ya kujua kama mtaingia Uingereza. Kama bado mnataka Southampton, ombeni Schengen kwanza, maana dirisha lake hufunguka mapema, kisha mfuate ya Uingereza.

Ubalozi upi, na lini

Maombi ya Schengen hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi mtakayoingia kwanza. Ndiyo maana usiku mbili za hoteli Copenhagen kabla ya meli kuondoka zinasaidia: zinaifanya Denmark iwe nchi kuu bila ubishi. Mkiruka kupitia Amsterdam, pasipoti zitakaguliwa Amsterdam, hivyo kwenye fomu nchi ya kwanza kuingia ni Uholanzi, lakini nchi kuu inabaki Denmark. Maswali hayo mawili yamo kwenye fomu ileile na majibu yake yanaweza kutofautiana.

Nchi nyingine hazipokei maombi zenyewe katika kila mji mkuu wa Afrika Mashariki. Huwakilishwa na ubalozi wa nchi nyingine, au hutumia kituo cha maombi kama VFS Global. Tovuti ya ubalozi itawaelekeza. Norway na Denmark huanza kwa kujaza maombi mtandaoni, kisha ndipo mnapeleka nyaraka.

Maombi yanaweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Msimu wa meli hizi ni Mei hadi Septemba, na unaangukia likizo za shule za Juni na Agosti, wakati ambao nafasi za miadi huwa adimu. Kwa safari ya Agosti, anzeni Februari au Machi.

Nyaraka za wazazi

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Picha ni milimita 35 kwa 45. Hijabu inaruhusiwa mradi uso wote uonekane. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000, ihusu eneo lote la Schengen, na igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Ulizeni pia kama inalipa daktari wa melini, kwa sababu huduma yake hutozwa kando.

Uthibitisho wa meli uonyeshe majina ya wote, ratiba nzima na tarehe. Lipeni amana tu kabla ya viza, na mjue mapema ni kiasi gani kinarudi. Tiketi ya ndege iwe ya kushikilia nafasi.

Kwenye fedha, afisa hatazami salio la mwisho peke yake. Anasoma mwenendo wa akaunti kwa miezi 3, mahali pengine 6. Mamilioni yaliyoingia wiki moja kabla ya miadi bila maelezo huharibu maombi mazuri. Kama mmeuza kiwanja, ambatanisheni hati ya mauziano. Kama ni mkopo au akiba ya SACCOS, leteni barua yao. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara na tarehe za likizo na kurudi kazini. Mfanyabiashara alete usajili wa biashara (wa BRELA kwa Tanzania), leseni na nyaraka za kodi (za KRA kwa Kenya).

Nyaraka za watoto

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kila mtoto ana fomu yake, iliyosainiwa na mzazi. Kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa, cha RITA kwa Tanzania Bara. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, mwingine aandike ridhaa, na wakili aishuhudie. Mzazi aliyefariki, leteni cheti cha kifo. Mliotengana, leteni amri ya mahakama kuhusu malezi. Mnasafiri na mtoto wa ndugu? Ridhaa ya wazazi wake na nakala za vitambulisho vyao ni lazima, hata kama mmemlea tangu akiwa mchanga.

Linganisheni majina. Cheti kikisema Asha Juma Salum na pasipoti ikasema Asha Salum, tengenezeni kiapo cha majina kwa wakili kabla ya miadi. Jina kwenye tiketi ya meli lifuate pasipoti.

Barua ya shule yenye tarehe za likizo husaidia sana, kwa kuwa inaonyesha mtoto anasubiriwa darasani.

Ada na siku ya miadi

Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka 14, 9 na 4 watalipa euro 315, kwa sababu wa miaka 14 hulipa kama mtu mzima. Kituo cha maombi hutoza ada yake juu. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia miaka 12.

Mkirudishiwa pasipoti, someni stika kabla ya kutoka pale mlangoni: majina, tarehe, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. 01 ni mara moja, 02 ni mara mbili, MULT ni mara nyingi. Kama ratiba yenu inapita Kirkwall na stika inasema 01, rudini dirishani palepale.

Mkikataliwa, mtapewa karatasi yenye sababu zilizowekwa alama, na mna haki ya kukata rufaa ndani ya muda ulioandikwa humo. Ada hairudi. Kama kasoro ni nyaraka iliyokosekana, mara nyingi kuomba upya na kujibu sababu ileile iliyotajwa ni haraka kuliko rufaa, mradi tarehe ya kulipa salio la meli haijapita.